Ndama wa Viatu Vipya

Hapo zamani, na asitokee mtu wa kuniuliza zamani ipi, huko Mbulu juu kwenye baridi, palikuwa na mwanamke mmoja jina lake Emiliana, na Emiliana alikuwa na mbio. Nyie endeleeni kupukuchua mahindi. Mikono ifanye kazi, masikio nipeni mimi.

Nyumbani kwa Emiliana walikuwa watatu: yeye, mumewe Tluway, na mama mkwe wake, Bibi Naali. Walikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, akaugua, akafa. Tangu siku hiyo Bibi Naali akawa anakunywa chai ya rangi. Hakulalamika hata mara moja. Ila kila asubuhi, kabla ya kunywa, alikuwa anakitazama kwanza kile kikombe, na Emiliana alikuwa anamwona akikitazama. Ilimuuma. Msidhani kila mkwe na mkwe ni paka na panya. Hawa walipendana.

Basi zikatangazwa mbio. Si mbio za kuku, ni marathoni, kilomita arobaini na mbili, kutoka bomani hadi ng'ambo ya mto na kurudi. Mwanamke wa kwanza angepewa mtamba mwenye mimba. Emiliana akasimama nje ya kanisa, majirani wote wapo, akasema, "Yule mtamba ni wa chai ya mama. Na ndama wake wa kwanza nitampa mtu atakayenifikisha mwisho wa mbio. Mnisikie wote." Wakamsikia wote. Na mtu akishasema mbele ya watu, amesema.

Akaanza mazoezi na rafiki yake Basilisa, jirani wa nyumba ya pili, naye mwenye mbio, naye hana hata mbuzi. Viatu vya Emiliana vilikuwa vya mtumba, soli imelika mpaka akikanyaga kokoto anaweza kukueleza ilivyo. Kaka yake aliyeko Arusha akasikia, akamletea viatu vipya vya kukimbilia, rangi ya chungwa, vizuri mno. Bibi Naali alivinusa, akasema vinanuka duka.

Sasa kosa lilianzia hapo, na ni kosa letu wote tulioketi hapa. Nani kati yenu alipewa nguo mpya akaivaa siku ileile? Nguo mpya ni ya Krismasi. Inasubiri. Emiliana akamwuliza Basilisa, "Nianze kuvivaa?" Basilisa akasema, "Usivichoshe, dada. Viweke. Utavivaa siku yenyewe." Emiliana akaona ni neno la maana. Akavifunga kwenye kanga, akaviweka sandukuni, akaendelea kukimbia na vile vya mtumba. Kila Jumapili anavifungua, anavitazama, anavifunga.

Tluway alikuwa mtu wa maneno machache. Lakini alikuwa amewahi kuvaa viatu vipya, siku ya harusi yake, na kisigino chake hakijasahau. Akamwambia mkewe, "Viatu vile vitakuchubua." Mkewe akacheka, "Wewe na mbio wapi na wapi?" Akanyamaza.

Akanyamaza, ila hakukaa. Kila asubuhi Emiliana akishatoka na Basilisa, Tluway anafungua sanduku, anavaa vile vya chungwa, anachukua ndoo, anapita nyuma ya shamba asionekane, anapanda kilima kwenda kisimani. Anapanda, anashuka. Anapanda, anashuka. Miguu yake ililingana na ya mkewe kwa urefu, ila ilikuwa mipana, miguu ya mtu aliyelima peku tangu utotoni. Vikamchubua nyuma. Vikamtoa malengelenge mbele. Mkewe akamwuliza, "Mbona unachechemea?" Akasema, "Baridi." Akavilainisha hivyohivyo, kwa ngozi yake mwenyewe, mpaka vikatii. Kisha anavifuta kwa ganda la hindi, kama wanaume wanavyofuta vitu, anavirudisha.

Mtu mmoja tu alimwona. Bibi Naali, kutoka jikoni kwake. Akamtazama mwanawe na ndoo na viatu vya kike, akatikisa kichwa, hakusema kitu. Mwanawe akishaondoka, yeye anavitoa viatu, anavisugua matope kwa brashi na sabuni, anavikausha, anavifunga upya kama mkwewe alivyovifunga. Kisha akatoa sweta yake kuukuu, akaifumua, akaanza kufuma soksi. Nzito. Za sufu.

Siku ikafika. Emiliana akavaa viatu, akasimama, akatembea hatua mbili, macho yakamtoka. "Jamani, hivi viatu vimenipenda. Haviumi hata kidogo." Akamshukuru Mungu, akamshukuru kaka yake. Tluway akawa anatazama mawingu.

Bibi Naali akaleta soksi. "Vaa, mwanangu."

"Mama, hizi zitanipika miguu."

"Basi zibebe." Akamfungia kiunoni kwa kipande cha kanga. Emiliana akacheka, akaenda nazo. Mama mkwe huwezi kumkatalia mara mbili.

Wakakimbia. Kupanda, hakuna shida. Emiliana na Basilisa bega kwa bega, wengine nyuma. Hakuna lengelenge, hakuna mchubuko, visigino salama. Wakavuka mto, wakageuka. Halafu ukaja mteremko, ule mrefu, na hapo viatu vikaonyesha vimekuwa na mwenyewe mwingine. Vilikuwa vimepanuka. Mguu ukawa unateleza ndani, vidole vinagonga mbele, vinagonga, vinagonga, mpaka kucha zikaanza kuvuja damu. Emiliana akakimbia hivyo, akakimbia, akashindwa. Akakaa juu ya jiwe kando ya barabara, akalia. Alikuwa anakiona kikombe cha chai ya rangi.

Basilisa akampita. Mbele yake barabara nyeupe, hakuna mtu, na mwisho wake mtamba. Akaenda. Akageuza shingo. Akaenda tena. Kisha akasimama, akarudi.

Akapiga magoti, akamvua Emiliana viatu. "Kiunoni una nini?"

"Soksi za mama."

"Lete." Akamvika zile soksi za sufu, zikajaza kiatu chote, mguu ukatulia. Akafunga kamba, akafunga tena juu yake. Wakati anafunga, mwanamke mmoja kutoka Singida akawapita, hata salamu hakutoa. Basilisa akamvuta Emiliana mkono. "Simama. Lia huku unakimbia."

Akasimama. Akalia huku anakimbia. Pale kwenye kilima cha mwisho akamkamata yule wa Singida, akampita, akaingia bomani wa kwanza, miguu inatoka mvuke, kweli nawaambia. Yule wa Singida akawa wa pili. Basilisa nguvu zilikuwa zimekatika kule kwenye jiwe, akaingia wa tatu, akapewa blanketi.

Bibi Naali akapata mtamba. Miezi ikapita, mtamba akazaa, ndama jike, mwekundu, doa jeupe usoni. Asubuhi ya kwanza chai ilipoiva na maziwa, Bibi Naali alikunywa bila kukitazama kikombe, na Emiliana akatoka nje kufuta machozi.

Kisha wakakusanyika zizini. Emiliana akashika kamba ya ndama. Akauliza, "Nani alinifikisha?"

Tluway akasogea. Akavua kandambili, akaonyesha visigino, makovu hayajapona sawasawa. "Bila mimi, viatu vile vingekuchuna ngozi kabla hujaona mto. Nilivivaa mimi kila siku. Vilinila mimi, visikule wewe. Na katika zizi hili sina hata mkia ulio wangu. Je, ni uongo?"

Emiliana akamtazama mumewe muda mrefu. "Si uongo. Kumbe ile baridi." Akataka kucheka, akasita. "Lakini Tluway, ni wewe uliyevipanua. Kucha zangu zilitoka kwa miguu yako."

Tluway akavaa kandambili zake. "Hilo nalo si uongo."

Bibi Naali akasogea. "Bila mimi, viatu vingekuponyoka. Nilifumua sweta yangu, na unajua baridi ya hapa. Mtamba ni wangu, nashukuru, ila ndama ningempeleka kwa dada yangu, naye anakunywa ya rangi. Je, ni uongo?"

"Si uongo, mama. Lakini ulijuaje kwamba viatu vitakuwa vikubwa?"

Bibi Naali akatengeneza kitambaa kichwani. "Nilimwona. Kila siku nilimwona. Nikaviosha ili usijue."

"Ukanyamaza, mama?"

"Ningesemaje? Nilimwona mwanangu anakupenda vile, nikashindwa kumwaibisha. Nikaona afadhali nifume."

Ndipo akabaki Basilisa. Watu wote wakageukia kwake, na nyuso nyingi zilishampa yule ndama. Naye alimhitaji kuliko wote, hilo kila mtu analijua. Akasema, "Bila mimi, ungekuwa bado umekaa kwenye lile jiwe. Nilimwacha mtamba wangu barabarani nikakurudia. Je, ni uongo?"

"Si uongo," Emiliana akasema. Akanyoosha kamba ampe.

Basilisa hakuipokea. Mikono yake ilikuwa nyuma. "Ngoja. Uliponiuliza uanze kuvivaa, nilikwambia uviweke. Nilijua, Emi. Nilijua viatu vipya visivyozoeshwa vinafanya nini kwenye mbio ndefu. Nilimtaka yule mtamba." Akarudi nyuma hatua moja. "Na pale kwenye jiwe nilirudi. Mpaka leo najiuliza, nilirudi kwa sababu nakupenda, au kwa sababu nimekukosea? Sijui. Nakwambia kweli, sijui."

Akageuka, akaanza kwenda kwake.

Emiliana akalia, kamba mkononi. Angeweza kunyamaza, Basilisa akaenda, wakabaki wawili wa kuchagua, na wote wawili wa nyumbani. Hakunyamaza. Akaita, "Basilisa, rudi."

Basilisa akasimama. Akageuza shingo. Akarudi.

Basi wakasimama hapo, watatu. Mume aliyemkinga kwa ngozi yake na kumharibia viatu, asimwambie. Mama aliyeona yote, akanyamaza kwa mapenzi, akafuma kwa mapenzi. Rafiki aliyemtega, kisha akaacha ng'ombe barabarani akarudi kumfunga kamba za viatu. Wote watatu hawamtazami ndama, wanamtazama Emiliana. Naye alikwishasema nje ya kanisa, mtu atakayenifikisha. Alisema mtu, hakusema watu. Na ndama akiwa hai hagawanywi mapande.

Msinitazame mimi, na wewe uliyeacha kupukuchua, naona umeshafungua mdomo. Haya, kamba ile ishike wewe. Umewasikia wote watatu, nao wanakungoja. Je, utamkabidhi nani? Nani alistahili?