Nguchiro na Mama Mkwe Nati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, wakwe na mashine za kusaga, palikuwa na nati moja iliyokataa kulegea. Sogeeni, wajomba zangu. Msiniulize kwa nini leo nasimulia nikiwa nimelala chini ya trekta. Sikilizeni tu.

Mashine ilikuwa ya Mzee Tembo. Pampu yake ya maji ya kupoza injini iliziba, na isingefunguka mpaka nati moja ilegee. Nati yenyewe ilikuwa nyuma kabisa ya injini, uvunguni, imeliwa na kutu. Na kesho yake binti wa Tembo anaolewa, nyumbani hakuna hata kibaba cha unga!

"Wageni nitawalisha nini?" Tembo akalia. "Watatafuna mahindi makavu? Aibu gani hii!"

Jirani yake Kifaru akaja na spana, akachomeka bomba kwenye mpini wake apate nguvu.

"Nipisheni! Mmmh! Mmmmmh!"

Krak! Spana ikakatika, Kifaru akaanguka chali, puu! Nati ikatulia kimya.

Nguchiro akapita, mdogo, mwembamba, pua mbele. Akacheka.

"Unacheka nini?" Kifaru akafoka. "Wewe fundi?"

"Mimi? Juzi nilifungua kopo kwa meno, jino likafunguka kwanza. Ila nina swali, Mzee Tembo. Mlipiga hodi?"

"Hodi kwa nani?"

"Lahaula! Kwa nati! Mtu mzima kajikalia uvunguni miaka yote, mnamvamia na mabomba! Huyo ni sawa na mama mkwe. Haendewi mikono mitupu, wala hatazamwi usoni. Leteni mayai, asali, karanga, na mafuta kidogo. Kisha geukeni!"

Tembo, kwa hofu ya aibu ya harusi, akaleta vyote. Wakubwa wale wawili wakageuka, wakainamisha vichwa kwa adabu. Nguchiro akajipenyeza uvunguni na kapu lake.

Ngo, ngo, ngo!

"Hodi, mama mkwe!" akaita. Halafu akajijibu kwa sauti nyembamba, "Karibuniii! Mbona mayai machache?"

"Ongeza mayai!" Kifaru akanong'ona.

Tembo akaongeza.

Wajomba, nati yenye kutu hugongwa polepole, hutiwa mafuta, kisha huachwa iyanywe. Nguchiro alilijua hilo. Asichokijua ni kusubiri bila kula.

Akagonga, ngo ngo. Akatia tone la mafuta. Akala yai. Akagonga tena, akalamba asali.

"Vipi huko?" Tembo akauliza.

"Bado anatafuna, Mzee!"

Karanga zilipokwisha, akashika spana ndogo. Kwanza akaikaza nati kidogo, kutu ikapasuka. Kisha akaizungusha kinyume. Kwiii! Ikalegea!

"Imefunguka!" akapiga kelele. Tembo akaruka kwa furaha, ardhi ikatetemeka.

"Haya, toka tuwashe!"

"Nakuja, Mzee."

Injini ikatikisika, asitoke mtu.

"Nguchiro?"

"Nakuja... nakuja kidogo kidogo."

Tembo akageuka. Akaona maganda ya mayai, mtungi mtupu wa asali, na makalio ya Nguchiro yamekwama kati ya injini na ukuta, mkia unapunga.

"Kumbe mama mkwe ana mkia!"

"Nisamehe, Mzee! Nati nimeilegeza, tumbo limenikaza!"

"Kifaru," Tembo akasema, "lete bomba."

"Bomba hapana! Nakufa! Hodi kwanza, jamani, hodi!"

Kifaru akachukua mpini wa nyundo, akamgonga makalioni. Ngo, ngo, ngo!

"Hodi, mama mkwe!"

"Karibuni," Nguchiro akajibu kwa huzuni.

Wakampaka mafuta. Wakasubiri yamwingie, wao wakila ndizi mbele ya pua yake, yeye hapewi hata ganda. Kisha Tembo akamsukuma ndani kidogo, kama nati inavyokazwa kabla ya kulegezwa, akamvuta kwa mkonga. Kwiii... pwaa! Akatoka, manyoya ya kiunoni yamebaki kwenye injini.

Mashine ikawaka, tuku tuku tuku, unga ukapatikana, binti akaolewa. Nguchiro alialikwa harusini, ila kila akinyoosha mkono kwenye sinia, Kifaru alimwambia, "Pima mlango kwanza, mama mkwe!" Na Nguchiro mwenyewe alicheka kuliko wote.

Basi shikeni hili: mla vya mkwe akumbuke upana wa mlango.

Nami niliyewasimulia nilikula sahani tatu za pilau kabla ya kuingia chini ya trekta hili. Msicheke! Kimbieni mkamwite shangazi yenu, aje na mafuta. Na mwambieni apige hodi.