Koo la Siwema

Hapo zamani, si zamani za wafalme, ni zamani za juzi tu, Mwantumu alikuwa akiogopa kisu kuliko kifo chenyewe. Mzaliwa wake wa kwanza alikatwa kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, na fundi wa kijijini, akavuja damu mpaka akaisha. Alipobaki na Siwema, binti wa miaka mitano, aliapa kuwa chuma hakitaingia kooni mwake.

Siwema alikoroma kama mzee. Katikati ya kukoroma, kimya. Pumzi hakuna. Mama mkwe wa Mwantumu, Bi Mashavu, humgeuza ubavu, pumzi ikarudi.

"Ni jinamizi," alisema. "Na jinamizi halitajwi. Ukilitaja umeliita."

Mwantumu akalishika neno hilo.

Mafindofindo yalipovimba wakampeleka kwa Daktari Kasanda. Akamulika koo, akauliza homa humjia mara ngapi.

"Mara tatu kwa mwaka? Kwa hizo hatukati mafindofindo, wengi huacha kuugua wakikua. Usingizini je, anapumua vizuri?"

Bi Mashavu akawahi: "Analala salama salmini."

Mwantumu alijua si kweli. Akanyamaza, tena akafurahi, kwa kuwa kisu kimempita mwanawe.

Alasiri moja Siwema alisinzia mkekani. Kimya kikaja. Wakamgeuza, kimya. Wakamgeuza tena, midomo imekuwa ya buluu. Wakamtikisa huku wakilia mpaka akavuta pumzi, wakakimbia naye hospitali.

Daktari Kasanda alipompima, uso ulimshuka. "Mafindofindo na nyama za nyuma ya pua zimeziba njia ya hewa, hata moyo umechoka. Sasa hana budi kukatwa, na dawa ya usingizi ni ya hatari zaidi kwake kuliko siku ile mlipokuja kwanza."

Mwantumu akatia sahihi. Wapasuaji wakamchukua mtoto, mlango ukafungwa. Mumewe, Shomvi, akafika mbio kutoka shamba.

"Nani amemchelewesha mwanangu?"

"Mimi nilidanganya," alisema Bi Mashavu. "Lakini ni mkono huu uliomgeuza kila siku akafika leo."

"Mimi niliuliza mara moja nikaridhika," alisema daktari. "Lakini nikikata kila koo linalovimba, watazikwa wangapi?"

"Mimi nilijua," alisema Mwantumu. "Lakini nimeshazika mmoja, Baba Siwema."

Haya, jamaa zangu, mlango haujafunguliwa na Mwantumu yuko pale nje. Je, nani abebe lawama? Na wewe, kama ungekuwa umeshazika mmoja kwa kisu, ungemwambia daktari ukweli?