Waonjaji wa Matunda ya Ng'ambo

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba zao, meko yao na ugomvi wao kama sisi, paliishi nyani mmoja dume ambaye hakumwamini mtu. Hata asubuhi mkewe alipomwekea uji, yeye aliusukuma kando kwanza.

"Uji huu kapika nani?"

"Nimepika mimi, Baba Sikitu."

"Ulikuwa peke yako jikoni?"

"Na nani tena?"

"Haya, onja."

Bi Nyani alionja, akameza, akatoa ulimi nje ili akaguliwe. Ndipo bwana mkubwa alipokunywa.

Hakuzaliwa hivyo. Mwaka uliotangulia, Kindi alimwalika harusini akampa kiti cha heshima, mbele ya wageni wote. Kumbe kile kiti ni kichuguu cha siafu! Nyani aliruka juu, yalaaa! Wageni wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo akaapa, "Mimi kuchezewa na hivi viumbe vidogo, basi! Hakuna tena!"

Sasa, mwaka huo ukawa wa njaa. Mvua ziligoma, mizizi ikawa michungu, na njia pekee ya kutoka bwawani kwenda vichakani ilipita kati ya majabali mawili, mahali palipoitwa Kilangoni. Nyani akahamia hapo mchana kutwa na rafiki yake Ngiri, mwenye meno yaliyopinda kama mundu na akili ya kuazima. Aliyepita na chakula, walimnyang'anya. Kanga aliapiza, Sungura alilia, Kobe alijifungia nyumbani mwake asitoke. Haikusaidia kitu.

Siku moja jua likiwa la utosi, Nyani aliona jambo. Kikapu kinakuja njiani, chaka, chaka, chaka. Hakuna anayekibeba.

"Ngiri! Unaona ninachokiona?"

"Naona kikapu, Bwana."

"Kina miguu?"

"Kina miguu, Bwana."

"Kikapu cha halali hakina miguu. We kikapu! Simama hapo hapo!"

Kikapu kikasimama. Chini yake ikachomoza pua, tena ndefu, ikanusa huku, ikanusa kule. Nyuma ya pua akatokea Bi Sange, kijinyama kisichozidi panya buku, mwenye pua kama mkonga wa tembo uliosahau kukua, na miguu ya mbio kama cheche.

"Shikamoo, Bwana Nyani."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Matunda, Bwana."

"Matunda? Mwaka huu? Mti gani umezaa mwaka huu?"

"Miti ya ng'ambo, Bwana. Ameniletea Korongo. Zamani nilimtoa mwiba mguuni, naye hakusahau. Ametoka nchi ya mbali, kule jua linakochomoza, ambako mvua hunya kila alasiri. Anasema huko matunda haya watu wanayagombania sokoni."

Nyani akakunja uso. Korongo avuke bahari na milima, kwa ajili ya sange? Kwa mwiba? Hapa pana jambo, aliwaza. Hapa pana jambo tena kubwa.

"Funua," akasema.

Bi Sange akafunua. Juu kulikuwa na matunda madogo mekundu, mwili mzima nywele. Nyinyi wa pwani mnayajua, shokishoki hayo, mnayamenya mnajaza mashavu. Lakini Nyani yule wa bara hajawahi kuona tunda lenye ndevu.

"Lo! Lina nywele kunishinda mimi!" alisema Ngiri.

Chini yake kulikuwa na tunda jingine, la waridi lililokolea, lenye magamba yaliyosimama kama kenge aliyekasirika akiwa amevaa nguo ya harusi. Bi Sange alilipasua kidogo. Ndani jeupe pe, na vijidoa vyeusi kama ufuta. Nyani akarudi nyuma hatua.

Na chini kabisa, likiwa limejaza kikapu, palikuwa na dude la kijani, kubwa kama kichwa cha ndama, miiba kila upande. Harufu yake ikapanda, bwaaa!

"Chya!" Ngiri akapiga chafya. "Chya! Chya! Bwana, kuna kitu kimekufa humo!"

Nyani alikwisha kushika fimbo. "Najua umo!" akafoka, akaligonga lile dude, ko, ko, ko! "Nungunungu, jikunjue utoke! Mmekuja kunivamia!"

"Si nungunungu, Bwana," alisema Bi Sange taratibu. "Hilo ni doriani. Huko kwao wanaliita mfalme wa matunda."

"Mfalme ananuka hivi?"

"Anayelizoea, Bwana, hanusi tena. Anakula tu."

Bi Sange alimtazama Nyani anavyonusa na kurudi nyuma, anavyonusa na kurudi nyuma. Ile pua ndefu ikacheza kidogo. Kisha akapiga goti, akakisukuma kikapu mpaka miguuni pa Nyani.

"Karibuni, wakubwa wangu," akasema. "Kuleni. Ni matamu. Kuleni yote, msiniachie hata moja."

Manyoya ya Nyani yakasimama kuanzia shingoni mpaka mkiani. Tangu akae Kilangoni hajawahi kuambiwa karibu!

"Ngiri!" akapiga ukelele. "Tema!"

Ngiri alikwisha kutia shokishoki kinywani. "Nimelilamba tu, Bwana."

"Tema, nasema!"

"Ptu!"

Nyani akamgeukia Bi Sange, jicho moja kalifumba, jingine kalitoa. "Onja wewe kwanza."

"Bila shaka, Bwana." Bi Sange akamenya shokishoki moja, akalimeza, akaitoa mbegu. "Tamu!"

Nyani akafikiri. Mbona amekula upesi hivyo? Mbona hakusita? Anayetia sumu, lazima anywe dawa yake kabla. Kumbe ndiyo maana pua inacheza!

"Wewe hutufai kwa kuonja," akasema. "Wewe umejiandaa. Una watoto?"

Bi Sange akageuza pua upande wa jabali.

"Nimekuuliza! Una watoto?"

"Ninao watatu, Bwana. Wako nyuma ya jabali, wananingoja."

"Basi wao ndio wataonja."

Pua ya Bi Sange ikatetemeka. Akainuka, akakumbatia kikapu kwa vimikono vyake. "Jamani, Bwana Nyani! Watoto waache! Matunda nimeshawapa nyinyi wakubwa. Nakuomba, watoto wangu wasiguse hata moja!"

"Ahaa!" Nyani akaruka juu na kupiga makofi. "Umesikia, Ngiri? Umesikia? Kalete hao watoto!"

Ngiri akaenda, akarudi nao. Majina yao Punje, Tone na Chembe. Wanangu, wale watoto walikuwa wamekonda mpaka ungeweza kuona jua upande wa pili. Tangu juzi hawakutia kitu tumboni ila mizizi michungu. Wakayatazama matunda, wakamtazama mama yao.

"Mama?" aliuliza Chembe, kitinda mimba.

Bi Sange akainamisha uso. "Msikilizeni Bwana Nyani. Mkubwa akisema mle, mtoto hana la kujibu."

"Kuleni!" Nyani akanguruma.

Hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Walimenya shokishoki, nyofu nyofu, wakafyonza, wakatema mbegu. Maji yaliwachuruzika videvuni. Nyani aliwazunguka, akiwaangalia macho, akiwasikiliza vifua. Hakuna aliyetetemeka. Hakuna aliyetoa povu.

"Wazima, Bwana," alisema Ngiri, mate yakimdondoka. "Tule sasa?"

Nyani mwenyewe tumbo lilikuwa linanguruma. Akanyoosha mkono kikapuni polepole.

"Bado," alinong'ona Bi Sange.

Mkono ukarudi kama umeguswa na moto. "Bado nini?"

"Nilikuwa nasema peke yangu tu, Bwana."

"Bado nini, we mwanamke?"

"Bado hawajashiba, Bwana."

Nyani akamkazia macho. Bado hawajashiba! Kumbe ni sumu ya kujaza tumbo hiyo, haiui mpaka itimie! Nilikaribia kula, ningeshakuwa maiti sasa hivi, aliwaza.

"Wape lile la magamba!" akaamrisha. "Lote!"

Watoto wakala lile la magamba, lote, wakalamba na ganda. Bado wazima. Nyani akakuna kichwa. Basi sumu imo kwenye lile linalonuka. Wapi pengine? Kitu kinachonuka hivyo kina nia mbaya.

"Ngiri, lipasue hilo dude."

Ngiri akabana pumzi, akalitia meno, pwaaa! Ndani yake mlikuwa na vyumba, na kila chumba nyama ya manjano, laini kama ndizi iliyoiva sana. Harufu ikatanda Kilangoni pote. Nyani akaziba pua kwa mikono miwili.

"Guleni!" akasema kwa sauti ya puani. "Guleni yote!"

Watoto wa sange wakaingia humo kichwa kichwa. Wakala mpaka matumbo yakawa ngoma. Punje ndiye aliyekoma wa mwisho, mkono mmoja umeganda kwenye utomvu wa tunda.

Kisha Tone akapiga mwayo. Akapepesuka, akaanguka ubavu, pu! Chembe naye, pu! Punje akazunguka mara moja kama mlevi, naye pu! juu ya wenzake. Wakalala kimya, macho yamefungwa, miguu imenyooka.

Bi Sange akajifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Nilijua!" alisema Nyani. "Nilijua mimi! Unaona, Ngiri? Ningekuwa mimi pale!"

"Wamekufa, Bwana?"

"Humwoni mama yao anavyolia?"

Ngiri akayatazama matumbo yale matatu. Naye hakuwa mnyama mbaya moyoni. "Maskini. Sasa watu watauliza ni nani aliyewalazimisha kula."

Nyani akashtuka. Hilo hakuwa amelifikiria. "Ni sisi wawili," akasema upesi.

"Mimi sikusema 'kuleni', Bwana."

"Nyamaza! Tujifiche!"

Nyani akaparamia jabali, paru paru, akajibanza kileleni. Ngiri akaingia shimo lililokuwa chini ya jabali, kinyumenyume kama ilivyo desturi ya ngiri, akabaki kutoa macho tu. Kilangoni pakawa kimya. Nzi tu, vuuu. Nyani akaanza kuhesabu kwa vidole. Ukoo wa sange ni mkubwa, aliwaza. Wajomba watakuja. Mashangazi watakuja. Na hiyo harufu, nitaificha wapi?

Mara pakasikika sauti kutoka kule chini.

"Bweeeu!"

Nyani akaganda. "Ngiri! Ni wewe?"

"Si mimi, Bwana. Mimi leo sijala kitu."

"Basi ni nani amecheua?"

Ngiri akachungulia. "Ni mmoja wa wale maiti, Bwana."

Ndipo Ngiri, ambaye akili yake ilikuwa ya kuazima, akauliza swali pekee la maana lililoulizwa siku ile:

"Bwana, kwani maiti hucheua?"

Nyani aliruka kutoka kileleni kwa kishindo, ti! Amechelewa. Bi Sange alikwisha kuwatikisa wanawe, vup! Punje katoweka majanini; vup! Tone, vup! Chembe, bado anapangusa mdomo. Bi Sange mwenyewe, shingoni kijifuko cha mbegu alizookota wanawe walipozitema, akaingia wa mwisho kwenye tundu lao nyuma ya jabali, tundu ambalo hata mkono wa Nyani haukuenea.

"Sange!" Nyani akapiga kelele kwenye lile tundu. "Umenidanganya! Watoto hawakufa!"

"Nani alisema wamekufa, Bwana?" ilijibu sauti kutoka ndani. "Walikuwa na njaa tangu juzi. Wameshiba, wamelala."

"Ulilia!"

"Nilicheka."

"Ulitaka kutuua kwa sumu!"

"Bwana Nyani, nilikwambia ni matunda, yakawa matunda. Nilikwambia ni matamu, na nikakuomba ule yote. Neno la sumu kalitaja nani?"

Nyani akakaa chini mbele ya tundu. Akayarudia maneno yote ya Bi Sange, moja baada ya jingine, akitafuta lile la uongo, na hakuliona.

Nyuma yake kulikuwa na sauti, lap, lap, lap. Akageuka. Ngiri alikuwa ameketi katikati ya maganda, amefumba macho, analamba ganda la doriani kwa uangalifu asijichome.

"Yalikuwa matamu kweli, Bwana," akasema.

Wanangu, asiyemwamini mtu yeyote hahitaji mwongo wa kumdanganya, hujidanganya mwenyewe.