Kalunde na Msingi wa Mzingwe

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nane Januari, mwaka elfu moja mia tisa themanini na sita, saa mbili na robo asubuhi, ndipo Mzingwe ilipogeuka. Enzi hizo za wazee wetu mji mkubwa ulikuwa haujafika huku, taa zake zilionekana kwa mbali tu, na mtoto wa Mzingwe aliyefaulu darasa la saba alipelekwa kwa ndugu wa mbali akasome, au alibaki nyumbani akamenya mihogo. Sikilizeni basi, enyi mliozaliwa baadaye, habari za Kalunde binti Mhoja, Mnyamwezi wa Unyanyembe, mjukuu wa Lugendo aliyebeba mizigo kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani na kurudi. Kalunde Mbeba Saruji, mwenye sauti iliyovuka bonde, mkuu wa kwanza wa shule ya sekondari ambayo ilikuwa bado ni majani na kamba za mafundi.

Serikali ilikuwa imetoa saruji na mabati, na wananchi wakaambiwa wachimbe msingi. Kalunde aliishusha saruji ile kutoka kwenye lori kwa mabega yake mwenyewe, mifuko miwili kwa safari moja, na vijana wakaona haya. Lakini msingi haukuchimbwa. Watu wa Mzingwe Juu walitaka geti litazame kwao, na watu wa Mzingwe Chini wakataka litazame kwao, kwa kuwa kila upande ulisema litakakoelekea geti ndiko itakakokwenda barabara, na maduka, na heshima. Wakagoma wote. Ijumaa Afisa Elimu akaja, akatazama majani, akasema maneno machache: "Jumatatu nikikuta hivi, saruji inahamia kitongoji kingine, na mwalimu wenu pia."

Aliyeumia kuliko wote ni Mzee Kondo Mwinshehe, msemaji wa Mzingwe Juu. Binti yake wa mwisho, Mwanahawa, alikuwa amefaulu, na hakuwa na ndugu wa mbali wa kumpokea. Mzee Kondo alijua kwamba shule ikiondoka, masomo ya mwanawe yameondoka nayo. Lakini alikuwa amekwisha kuapa mbele za watu kwamba jembe lake halitagusa ardhi ile mpaka geti lielekee Juu, na kurudi nyuma alishindwa. Alipoamka Jumamosi ile hakuweza kumtazama binti machoni.

Ndipo ukapigwa ukelele: "Mwalimu amekufa kiwanjani!"

Mzee Kondo akashika jembe lake akakimbia, na watu wa Juu nyuma yake. Upande wa pili walikuwa wanapanda watu wa Chini na majembe yao, Mzee Chamwande, msemaji wao, mbele. Wote, Juu na Chini, walikuwa Wazaramo, na Mnyamwezi ni mtani wao tangu siku za misafara. Na mtani anapofariki, watani ndio wa kuja na jembe, na ndio wenye ruhusa ya kucheka msibani. Walimkuta Kalunde amelala chali katika kifereji walichokianza mafundi, amefunikwa kanga mpaka kidevuni, mikono imetulia.

Mzee Kondo aliinama juu yake. Akasema, "Inna lillahi."

Maiti ikafungua jicho moja.

"Mmechelewa, watani," akasema Kalunde. "Nimeuawa na geti tangu alfajiri. Nizikeni."

Kisha Mzee Chamwande akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na kicheko kikashika umati wote, Juu na Chini.

"Mnyamwezi gani huyu mnene hivi!" akapiga kelele Chamwande. "Kaburi lake litakula kiwanja kizima!"

"Basi chimbeni kiwanja kizima," akajibu maiti. "Au mnangoja ngoma ipigwe kwanza, Wazaramo nyie? Na huu ndio wasia wangu: geti litaelekea upande ambao watu wake watachoka mwisho."

Mzee Kondo alisimama na jembe mkononi. Alikumbuka kiapo chake. Kisha akaona kwamba hakuapa kutomzika mtani, na hakuna mtu duniani aliyewahi kulaumiwa kwa kumchimbia mtani kaburi; na kifua chake kikafunguka kama dirisha. Akainua jembe akalishusha, na hilo ndilo jembe la kwanza la Shule ya Sekondari Mzingwe.

Wakachimba. Juu walifuata kamba huku, Chini walifuata kamba kule, wakitukanana kwa furaha, wanawake wakileta uji na kupiga vigelegele kila kona ilipokamilika, na maiti ikafufuka mara mbili kusahihisha upana. Hakuna upande uliokubali kupumzika. Adhana ya alasiri iliposikika, mifereji ikakutana, na Kondo na Chamwande wakajikuta wamesimama uso kwa uso bila udongo wa kuchimba.

Kalunde akainuka, akajipangusa, akahukumu: "Hakuna aliyechoka. Basi hakuna geti."

Jumatatu Afisa Elimu alikuta msingi, na mwaka uleule Mwanahawa binti Kondo alikaa dawati la mbele kabisa. Kalunde aliiongoza shule miaka ishirini na miwili. Aliwaita wazazi wa wanafunzi watoro kwa majina kutoka barazani, wakamsikia ng'ambo ya bonde, wakaja. Mwenye fedha alipotaka uwanja wa mpira wa shule ajenge maghala, Kalunde alikwenda akakaa katikati yake na darasa zima la hesabu, akafundisha siku hiyo yote, na yule bwana akageuza gari.

Alifariki kweli siku ya Ijumaa, baada ya kuswali alfajiri, kwa utulivu. Mpaka leo shule ile haina geti. Watu wa Juu na Chini hukatiza uwanjani mwake wakienda sokoni, msikitini na harusini, na wamekwisha kuoana kiasi kwamba hakuna anayejua vizuri ni wa upande gani.

Ewe Mola, Mwenye kurehemu, mpokee mja wako Kalunde binti Mhoja. Msamehe alipokosea, mlaze pema, na kila herufi inayosomwa Mzingwe uiandike katika thawabu zake, leo na kesho na siku ambazo sisi hatutakuwapo. Amin.