Paka, Nzilani na Moto Mpya

Paukwa!

Pakawa.

Hizo ni sauti za watu waliosinzia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Mwenye mtoto mgongoni asogee huku penye joto. Aliyekalia miguu ainyooshe, maana hadithi ya leo ni ya miguu, nayo inakwenda mbio.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama na watu waliposemezana kama majirani, kulikuwa na kijiji katikati ya vilima vya mawe. Kijiji hicho kilikuwa na desturi. Kila mwaka kipupwe kikianza, watu walizima moto katika mafiga yote. Walizoa majivu ya zamani, wakayamwaga mashambani. Kesho yake mtu mmoja mwenye mbio alipanda mpaka kilele cha mlima, nyumbani kwa mhunzi, akateremka na makaa mapya ndani ya chungu kidogo kilichojaa samadi kavu ya ng'ombe. Kila nyumba iliwasha moto wake kutoka chungu hicho.

Na moto ukizimika njiani? Basi tena. Mafiga yalikaa baridi mpaka mwezi mwingine uandame. Watu walitafuna viazi vibichi na kulala wamekumbatia mbuzi.

Mbeba moto alikuwa na mwiko mmoja. Watu walisema, "Mbeba moto hatembei." Akitembea, moto utadhani umekwisha fika, nao utalala. Basi wabeba moto walikimbia wakipanda, walikimbia wakiteremka, walikimbia hata kwenye ule mteremko wa mawe makali ulioitwa Magotini. Mnajua kwa nini paliitwa Magotini? Kwa sababu magoti mengi ya watu yaliharibikia pale. Aliyebeba moto mwaka uliopita alikuwa bado anatembelea mkongojo.

Mwaka huo kazi ilimwangukia msichana aliyeitwa Nzilani. Miguu yake ilikuwa mirefu na myepesi, na yeye mwenyewe aliitaka kazi hiyo kwa moyo wote. Dada yake, Syombua, alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka, mtoto anangoja siku yake tu. Syombua ndiye aliyemlea Nzilani mama yao alipofariki. Alimbeba mgongoni wakati yeye mwenyewe angali mdogo, hata miguu ya Nzilani ikawa inaburuta chini. Siku za njaa alisema ameshiba, kumbe hajala.

"Dada," Nzilani akamwambia, "mtoto wako ataoga maji ya moto. Nakuapia."

"Usiniapie," Syombua akajibu. "Wewe rudi mzima tu."

Nzilani akaanza kujizoeza. Alfajiri aliruka kutoka mkekani, akapita mlangoni kama mshale, akaparamia kilima kwa nguvu zake zote. Umande haujakauka, usingizi haujatoka machoni, yeye yuko mbio juu ya mawe.

Juu ya ukuta wa ghala alikaa Paka. Siku hizo Paka hakuwa na nafasi ndani ya nyumba. Alilala ghalani, akikaribia jikoni alifukuzwa kwa mwiko. Asubuhi hiyo Paka aliamka, akanyoosha miguu ya mbele, akakunja mgongo kama upinde, akanyoosha mguu wa nyuma mmoja, kisha wa pili, akapiga miayo. Akamwambia Nzilani:

"Jinyooshe kwanza, tembea kidogo, ndipo ukimbie."

"Niache, Paka. Wewe kazi yako kulala."

"Ni kweli," Paka akasema. "Lakini umewahi kuniona nachechemea?"

Nzilani alikuwa ameshapita.

Siku ya pili vilevile. Paka akajinyoosha, akasema, "Jinyooshe kwanza, tembea kidogo, ndipo ukimbie." Nzilani akacheka, akaenda mbio.

Siku ya tatu kigimbi cha mguu wake wa kulia kikaanza kumvuta, kama mtu aliye ndani anayekaza uzi. Nzilani hakumwambia yeyote. Alichana kipande cha nguo, akafunga mguu kwa nguvu, akakimbia tena. Alipofika mtoni mguu ulikataa kabisa. Akakaa juu ya jiwe, machozi yanamlengalenga.

Huko mtoni alikuwepo Mbuni anakunywa maji. Mbuni alikuwa mbeba moto wa wafugaji wa uwandani. Yeye chungu chake alikining'iniza shingoni, na maringo yake yalikuwa marefu kuliko shingo yenyewe.

"Pole, binti," Mbuni akasema. "Mbio hizi si za viumbe wa miguu miwili."

"Wewe unayo mingapi?" Nzilani akauliza.

Mbuni akainama, akajitazama miguu, akaondoka bila kuaga.

Nzilani akarudi nyumbani anachechemea. Uani alimkuta Mbwa amelala kivulini, mguu mmoja ameuinua.

"Umepata nini, Mbwa?"

"Mwiba. Ulitoka juzi."

"Mbona bado huukanyagii?"

"Mguu haujaniruhusu," Mbwa akasema. "Mguu ukiuma unazungumza nawe. Wewe umeufunga kitambaa, umeuziba mdomo tu."

Nzilani akafungua kile kitambaa. Syombua alikuwa mlangoni na tumbo lake, ameona yote. Aliingia ndani akatoka na maji ya baridi ya mtungini, akammwagia mguuni polepole, kisha akakunja nguo alizomwekea mtoto, akauegemeza mguu wa mdogo wake juu ya nguo hizo.

"Hizo ni za mtoto," Nzilani akasema.

"Mtoto hajazaliwa. Wewe umeshazaliwa."

Nzilani akapumzika. Alipumzika huku roho inamwasha, maana kipupwe kilikuwa kinakaribia. Lakini kila alipotaka kuinuka, Mbwa alimtazama kwa jicho moja, naye akakaa tena. Mguu ulipoacha kulalamika, alitoka asubuhi moja akasimama chini ya ghala.

"Haya, Paka. Nifundishe."

Paka hakumcheka. Alishuka, wakajinyoosha pamoja: mikono mbele, mgongo juu, mguu mmoja, mguu wa pili. Wakatembea mpaka damu ikapata moto. Kisha wakakimbia kidogo kwenye majani laini. Kesho wakaongeza kidogo. Kesho kutwa walipumzika, na Paka alipumzika vizuri kuliko mtu yeyote. Siku zikapita, mbio za Nzilani zikarudi. Zilirudi na nyongeza, maana sasa alikwenda mbali kuliko zamani na pumzi bado anayo.

Kipupwe kikaingia. Mafiga yakazimwa, majivu yakazolewa. Na asubuhi ile ile ya kupanda mlimani, Syombua akajifungua mtoto wa kike, mdogo, vidole vyake baridi kama mawe ya mtoni.

Mkunga akamvuta Nzilani pembeni. "Mtoto huyu anataka joto kabla ya jua kuzama," akasema. "Tutamkumbatia kwa zamu. Lakini vifua vyetu havitatosha usiku."

Nzilani akachukua chungu, akaondoka.

Alianza kwa kutembea. Mbuni akampita anatimua vumbi. "Lete salamu zako, nizifikishe," akasema. Nzilani akaendelea kutembea. Damu ilipopata moto akaanza kukimbia, taratibu, kisha vizuri. Alipofika kileleni Mbuni alikuwa tayari ameshavishwa chungu chake, anarukaruka.

Mhunzi akajaza makaa mekundu katika chungu cha Nzilani, akayafunika kwa samadi. Mbuni akachomoka. Nzilani akaweka chungu chini, akajinyoosha.

"Mwenzako ameondoka," mhunzi akasema.

"Nimemwona, baba."

Mhunzi akamtazama anavyonyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. Akacheka kidogo, akamwongezea kaa moja kubwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Nzilani anateremka. Upepo unavuma, moshi mwembamba unatoka chunguni, jua limeanza kuelekea chini. Mbele yake ni Magotini, mawe makali yamesimama kama meno. Na chini kabisa kijiji kizima kimetoka, kila mtu anaangalia juu, anangoja kuona mbeba moto anavyoruka.

Nzilani alifika kwenye jiwe la kwanza, akaacha kukimbia. Akatembea.

Chini watu wakashtuka. "Kimbia, Nzilani!"

"Natembea ili nifike," akasema, akaweka mguu penye jiwe lililotulia.

"Kimbia! Mbeba moto hatembei!"

"Natembea ili nifike," akasema, akashika chungu kwa mikono miwili.

"Moto utalala, wewe mtoto!"

"Natembea ili nifike," akasema. Akatupa jicho kando, maana jua lilikuwa linashuka pamoja naye, na alimkumbuka mtoto na vidole vyake.

Katikati ya Magotini akakuta manyoya. Halafu akamkuta Mbuni mwenyewe amekaa chini, paja limemkaza, chungu kimepasuka vipande, makaa yamemwagika yamekufa juu ya mawe.

"Nicheke tu," Mbuni akasema. Shingo ilikuwa imelala chini.

"Sina muda wa kucheka. Watu wako wana watoto?"

"Wanao. Wengi."

Nzilani akatazama jua. Akatazama chungu chake. Kisha akachukua kigae kikubwa cha chungu kilichopasuka, akaweka samadi, akaweka lile kaa kubwa la mhunzi, akafunika.

"Pumzika mpaka paja lilegee," akamwambia. "Kisha tembea. Usikimbie hata kidogo."

"Nikitembea watanicheka uwandani kote."

"Wakikucheka, waambie wakoke moto wenyewe."

Akamwacha. Akamaliza Magotini jiwe baada ya jiwe, na mguu wake wa mwisho ulipogusa majani ya tambarare, magoti yote mawili yalikuwa yake bado.

Hapo ndipo alipokimbia.

Alikimbia, jamani. Alikimbia miguu haigusi chini, majani yanalala pande zote, watoto wanamfuata wanaachwa, mbuzi wanaruka kando, kuku wanapanda miti. Kigimbi cha kulia kikanong'ona. Nzilani akakisikia, akapunguza mwendo, akapumua, kikanyamaza, akaongeza tena. Jua limegusa kilima. Yeye yuko kwenye mashamba. Jua limebaki nusu. Yeye yuko kwenye zizi. Jua limebaki kama ukucha. Yeye yuko mlangoni kwa dada yake.

Wazee walikuwa wamekwisha fika, wamekasirika.

"Ulitembea," mmoja akasema. "Tumekuona wote."

"Nilitembea."

Mzee akafunua chungu. Ndani kulikuwa na majivu, kijivu, kimya. Watu wakaguna. Mahali fulani nyuma mtu akasema, "Si tulisema? Umelala." Ndani ya nyumba mtoto akalia kilio chembamba, kama cha kifaranga.

Nzilani akapiga magoti yake mazima. Akapuliza. Majivu yakaruka, hakuna kitu. Akapuliza tena. Hakuna kitu. Paka alikuwa amekuja akakaa kando yake, na siku hiyo hakuna aliyekumbuka kumfukuza. Nzilani akapumua pumzi ndefu, pumzi ya mtu ambaye hakujichosha bure njiani, akapuliza mara ya tatu. Chini ya majivu jicho moja jekundu likafunguka. Kisha la pili. Kisha chungu kizima.

Kelele zilizopigwa pale, hata mhunzi kileleni alizisikia.

Moto wa kwanza uliwashwa katika mafiga ya Syombua. Maji yakapata moto, mtoto akaogeshwa, ngumi zake ndogo zikafunguka kidole kimoja kimoja. Syombua alimtazama mtoto, kisha akamtazama mdogo wake miguu, wa kulia na wa kushoto, kwa makini, kama anayekagua kitu alichokuwa ameazimisha.

"Umerudi mzima," akasema.

"Nimerudi mzima, dada."

Usiku ulipoanza kuingia, watu wakaona nuru ndogo inakatiza uwandani mbali, inakwenda polepole sana, kwa mwendo wa mtu anayechechemea. Nzilani akatoka nje kuitazama. Ilikwenda, ikasimama kupumzika, ikaenda tena. Baadaye nuru ile moja ikawa mbili, kisha tatu, kisha uwanda wote ukametameta.

Tangu mwaka ule hakuna aliyemwambia mbeba moto akimbie Magotini. Anatembea, na kijiji kizima kinamngoja kwa adabu. Na Syombua alifanya jambo jingine. Alichukua kipande cha mkeka, akakitandika karibu kabisa na mafiga, akamwita Paka kutoka ghalani.

"Hapa ni pako," akamwambia. "Na atakayekufukuza aje aniulize mimi."

Ndiyo maana mpaka leo paka hulala mekoni, karibu na moto kuliko hata mwenye nyumba. Na ndiyo maana kila akiamka, kabla hajapiga hatua hata moja, hunyoosha miguu ya mbele, hukunja mgongo, hunyoosha mguu mmoja, kisha wa pili, huku akituangalia. Anatukumbusha. Kesho asubuhi mtazameni.

Basi hadithi yangu imekimbia, imetembea, imefika nyumbani. Nami nimefika nayo, magoti yangu mawili nikiwa nayo.