Jina la Mtoto Njiti

Hapo zamani, zamani ya juzi ambayo wengine wenu mlikuwapo, huko milimani Upare ambako ukungu huingia nyumbani bila hodi, mwanamke aitwaye Eliapenda alijifungua kwa upasuaji kabla ya miezi kutimia. Mtoto alikuwa binti, njiti, mwepesi kama kifaranga. Wakamlaza katika sanduku la joto, nalo hospitalini lilikuwa moja tu.

Awali sanduku lile lilikuwa na kihisi kimoja cha kupima joto. Mbonea, mwanamke fundi wa mashine, hakuridhika. "Kikidanganya, nani atajua?" Akafunga cha pili, akaliagiza sanduku: vihisi vikipatana, pasha, vikibishana, zima joto, piga king'ora.

King'ora kikawa kero. Unyevu kidogo, kinalia. Mlango ukifunguliwa, kinalia. Wauguzi wakazoea kukibonyeza kinyamaze, joto lirudi. Sista Namsifu naye alikuwa akibonyeza.

Mchana mmoja kikalia tena. Sista Namsifu akanyoosha mkono abonyeze. Mkono ukasita. Akafungua, akamgusa mtoto. Lo, anachemka! Kihisi cha kwanza kilikuwa kimebanduka ngozini, kinapima baridi ya chumba. Sanduku likadhani mtoto anapoa, likazidi kupasha, mpaka cha pili kilipobisha.

Sasa sanduku limezimwa, na baridi ya mlimani haina huruma kwa njiti. Eliapenda alikuwa kitandani, homa imempanda, mshono mbichi, hata kuketi hawezi. Alisikia king'ora, kisha kimya.

"Sista, mbona simsikii mwanangu?"

Akauma shuka.

Kwenye kitanda cha pili alikuwapo Nakijwa, naye ana njiti wake kifuani.

"Mlete huku," akasema Nakijwa.

"Na wako je?"

"Mlete, Sista!"

Akawakumbatia wote wawili, ngozi kwa ngozi, muda wote Mbonea alipokuwa akilitengeneza sanduku. Ikafika saa miguu ya mwanawe ikaanza kupoa. Akamviringishia kitenge, lakini wa mwenziwe hakumrudisha.

Watoto wote wakapona. Siku ya kuruhusiwa, Eliapenda akasema, "Binti yangu atachukua jina la aliyemwokoa."

Mama mkwe akauliza, "Ndiye nani, mwanangu?"

Wakaitwa wote watatu.

Mbonea akasema, "Sikuwapo king'ora kilipolia, kweli. Lakini bila kihisi changu cha pili, sanduku lingemuunguza kimyakimya, nanyi mngesema linafanya kazi."

Sista Namsifu akasema, "Hicho king'ora chako kimelia bure mara ngapi? Kulia kinajua. Kumgusa mtoto nilimgusa mimi."

"Wewe uliyezoea kukinyamazisha?"

"Wewe uliyekifunga kikawa cha kulialia?"

Nakijwa alikuwa akimnyonyesha wake. Akasema taratibu, "Dada zangu, ninyi mlimwokoa na moto. Baridi nayo inaua. Mimi nilimweka wangu hatarini kwa ajili ya wake."

"Nani alikutuma?" akauliza Sista Namsifu.

"Hakuna."

Eliapenda akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu. Kila alipotaka kutamka jina, lingine lilimjia ulimini.

Mtoto ni mmoja, na jina ni moja. Haya, ninyi mnaonisikiliza: kama binti yule angekuwa wenu, mngemwita Mbonea, Namsifu au Nakijwa?