Masizi Juu ya Ngozi ya Kisima

Naileta ngano.

Ilete tuisikie.

Niilete nusu au yote?

Yote, usitufiche neno.

Haya. Wanyama walichimba kisima, chimba chimba, mpaka maji yakatoka. Makubaliano yao wakayaandika kwa chuma cha moto juu ya ngozi, wakampa Fisi aitunze. Desturi ikawa hii: kila kiangazi ngozi isomwe mbele ya wote, na kabla ya kusomwa mtunzaji aulizwe, "Kuna neno lililofichwa?"

Kiangazi kikaja, kikali. Fisi akaleta ngozi. Karibu yote ilikuwa nyeusi tii kwa masizi. Palipobaki peupe paliandikwa: "Kisima ni cha Fisi."

"Kuna neno lililofichwa?" wakamwuliza.

"Nimefunika kidogo tu, kwa usalama wenu."

Mama Digidigi alikuwa mjane, na mwanawe amelala chini, ulimi umekauka. "Baba Fisi," akasema, "mume wangu alifia ndani ya shimo hilo akichimba. Nipe hata ya kumlowesha mtoto midomo." Fisi akamfukuza. Inaniuma hata kuisimulia.

Nguchiro, mdogo wa mwili, akasogea, akanusa ngozi.

"Mzee Fisi, masizi haya yameshika kweli. Umeyachanganya na nini?"

"Mafuta ya uboho wa nyati."

"Uboho? Haya ni ya mbegu za nyonyo. Wamekudanganya."

"Mimi nisijue uboho?" Fisi akalamba pembeni, lap. "Ni uboho huu." Akalamba tena, lap. Akataka kuacha, ulimi ukakataa. Lap, lap, lap, mpaka masizi yakaisha, maandishi ya moto yakabaki wazi.

Wakasoma: "Kisima ni cha Fisi na wote waliochimba. Wajane na yatima wachote kwanza." Mama Digidigi akachota. Mtoto akanywa, akafumbua macho.

"Basi, inatosha," akasema Nguchiro, akianza kuikunja ngozi.

"Una haraka gani, ndugu yangu?" akauliza Mama Digidigi. "Tulisema bila kufichwa neno. Soma na mstari wa chini."

Nguchiro akasoma kwa sauti ndogo: "Nguchiro hakuchimba. Achote wa mwisho."

Akaenda kusimama nyuma ya foleni, nyuma ya Fisi. Zamu yake ilipofika alikunywa tope, na hakulalamika.

Ngano imefika mwisho. Nimewaficha neno?

Hujatuficha.

Basi funzo lake ni hili: ukitaka kufunika maneno ya watu, koroga masizi kwa maji. Mafuta tia kwenye mboga.